Kumbikumbi wa Dodoma na Uduvi wa Visiwani ni Ndugu

Katika mambo yanayowatenga watu wa nchi moja, hakuna lililo jepesi kutamka na zito kuondoa kama dharau ya chakula cha mwenzio. Mtumishi wa Serikali aliyezaliwa Unguja au Pemba, akiletwa Dodoma na kazi zake au na vikao vya Bunge, huziona mvua za kwanza zikinyesha, na jioni ile ile watoto wakikimbilia vichuguuni na ndoo, mama zao wakifuata na nyungo. Naye hutikisa kichwa na kusema, "Watu hawa wanakula wadudu!" Mgogo naye akifika Visiwani, akaandaliwa mchuzi wa uduvi, akawaona wamo wazima wazima pamoja na macho yao na sharubu zao, moyoni mwake husema neno lile lile. Kila mmoja hujiona mstaarabu, na mwenzake humwona mshamba.

Lau kama dharau hiyo ingeishia katika utani, isingestahili nafasi katika ukurasa huu. Lakini inagusa afya ya umma. Elimu ya lishe ya siku hizi imebainisha kwamba gamba la kumbikumbi na gamba la uduvi limejengwa kwa kitu kimoja, na kwamba kitu hicho, kikifika katika utumbo wa mwanadamu, hufanya sehemu ya kazi ambayo tulizoea kudhani hufanywa na mboga na nafaka peke yake. Kwa hiyo wawili hao wanaochekana wanakula mlo mmoja kwa majina mawili. Shabaha ya makala haya ni kueleza jambo hilo kwa kadiri lilivyothibitishwa, bila kulikuza wala kulipunguza, na kuwakumbusha viongozi wetu wajibu unaotokana nalo.

MAKAPI YENYE KAZI

Tuanze na msingi. Kila tunachokula kina sehemu ambayo mwili huisaga na kuiingiza katika damu, na kina sehemu nyingine ambayo vimeng'enya vyetu haviwezi kuivunja. Sehemu hii ya pili ndiyo nyuzinyuzi, au makapi-mlo kama wasemavyo wataalamu wa lishe. Jina hilo limeidhulumu, kwa sababu makapi katika lugha yetu ni kitu cha kupeperushwa na upepo. Lakini makapi-mlo hayatupwi bure. Hupita katika tumbo na katika utumbo mwembamba, hata yakafika katika utumbo mpana ambako wanaishi bakteria kwa matrilioni. Bakteria hao huyala, na kutokana na ulaji wao hutoa asidi nyepesi za mafuta. Mojawapo ni butireti, ambayo ndiyo chakula kikuu cha seli zinazojenga ukuta wa utumbo mpana.

Ukuta huo ukilishwa vema, hushikamana barabara, uvimbe hutulia na choo hupita kwa wakati wake. Ukinyimwa, hali hugeuka. Majaribio yaliyofanywa kwa panya yameonyesha kwamba bakteria wakikosa nyuzinyuzi huanza kuula ute unaoukinga ukuta wenyewe, kama askari waliokosa posho wakaanza kubomoa ngome waliyowekwa kuilinda.

Inafaa wananchi wajue kwamba elimu hii kwa sehemu kubwa ilipata asili yake hapa hapa Afrika Mashariki. Madaktari wawili, Denis Burkitt na Hugh Trowell, walifanya kazi Uganda kwa miaka mingi. Waliona kwamba maradhi yaliyojaa katika hospitali za Uingereza, kama vile kidole tumbo, bawasiri na saratani ya utumbo mpana, yalikuwa haba kwa wanavijiji wa Kiafrika. Mwaka 1972 Burkitt na wenzake walichapisha matokeo ya kulinganisha muda ambao chakula hukaa tumboni. Kwa wanavijiji wa Uganda chakula kilipita kwa kadiri ya siku moja na nusu, na kwa Waingereza waliopimwa kilikaa siku tatu na zaidi. Tofauti kubwa waliyoinyooshea kidole ilikuwa nyuzinyuzi. Leo Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, linashauri kila mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi za asili kila siku kutoka katika nafaka zisizokobolewa, mboga, matunda na jamii ya kunde.

NJE YA SHAMBA

Hapo ndipo wengi wetu tulipokomea. Tulifundishwa kwamba nyuzinyuzi ni mali ya mimea, na kwamba nyama, samaki na wadudu havina sehemu katika hesabu hiyo. Kwa nyama ya kawaida ni kweli. Lakini viumbe vina namna nyingi za kujivika.

Mwaka 1811 mwanasayansi wa Ufaransa, Henri Braconnot, alitoa katika uyoga kitu kigumu kisichoyeyuka, kisichofanana na chochote alichokijua. Mwaka 1823 Mfaransa mwenzake, Auguste Odier, alikikuta kitu kama hicho katika maganda ya wadudu, akakipa jina lililotokana na neno la Kiyunani lenye maana ya vazi. Ndiyo tunayoiita kaitini. Imejengwa kwa mnyororo mrefu wa sukari, kama ilivyo selulosi ya mimea, ila kila pingili yake imebeba naitrojeni. Baada ya selulosi, kaitini inahesabiwa kuwa ya pili kwa wingi miongoni mwa minyororo ya namna hiyo iliyoumbwa na viumbe hai. Kaa, kamba, uduvi, panzi, senene, nzige na kumbikumbi wote wamevaa vazi hilo. Uyoga nao una kaitini katika kuta za seli zake, pamoja na nyuzinyuzi nyingine iitwayo betaglukani.

Msomaji asiudhike tukiutenga uyoga na mimea. Vitabu vya zamani viliuweka humo, lakini uyoga haujitengenezei chakula kwa mwanga wa jua kama mahindi au mchicha. Mwaka 1969 mwanasayansi wa Marekani, Robert Whittaker, aliupendekezea himaya yake pekee, na tangu hapo wanasayansi wamezidi kuthibitisha kwamba ujamaa wake ni wa karibu zaidi na wanyama kuliko mimea.

KICHUGUU NI SHAMBA

Sasa na tukitazame kichuguu, ambacho mgeni wa uwanda wa kati hukiona kama lundo la udongo linalozuia barabara. Mchwa wajengao vichuguu vikubwa ni wakulima. Hukusanya nyasi kavu na vijiti, huvitafuna, kisha hujenga kwa vitu hivyo bustani ndani ya kichuguu, na katika bustani hizo huotesha ukungu wa aina maalumu ambao wataalamu huuita Termitomyces. Ukungu huo huyavunja majani na miti ambayo mchwa wenyewe wasingeweza kuyasaga vizuri, nao mchwa hula mazao yake. Watu wa dola hiyo wamegawana kazi, wapo wajenzi, askari, walezi na malkia, na hakuna anayekula bila kutumika.

Mvua zinapoanza katika uwanda wa kati, aghalabu mwishoni mwa Novemba au mwezi wa Desemba, kichuguu hutoa mavuno yake. Kwanza huruka kumbikumbi, yaani mchwa wenye mabawa wanaokwenda kuanzisha makazi mapya. Wananchi huwavuta kwa mwanga, au huchimba kishimo karibu na tundu wanalotokea wakaangukia humo. Kisha huwapepeta kwa ungo ili mabawa yatoke, huwakaanga katika mafuta yao wenyewe bila kuongeza kitu, huwaanika juani, na kuwala kwa ugali wa uwele au wa mtama. Ni chakula chenye mafuta mengi na protini nyingi, na kinakuja katika majira ambayo ghala la mkulima limekwisha kupungua na shamba bado halijatoa kitu.

Baadaye, juu ya kichuguu au kandokando yake, huchomoza uyoga wa ule ukungu uliooteshwa na mchwa. Jamii ya uyoga huu ina aina ndogo na kubwa. Aina moja, iliyoelezwa na wataalamu mwaka 1980 kutoka kwa jirani zetu wa Zambia, ina mwavuli unaoweza kukaribia mita moja kwa upana. Kwa hiyo kichuguu kimoja humpa mwananchi mavuno mawili, na yote mawili yana nyuzinyuzi zisizotoka katika mmea. Hakihitaji mbolea wala mbegu kutoka dukani, wala hakimsubirishi mtu mkopo.

PWANI NAYO INA HAZINA YAKE

Ndugu zetu wa Visiwani wasidhani kwamba mazungumzo haya yanawahusu wengine. Kamba mkubwa tunamvua gamba na kulitupa, lakini uduvi ni mdogo mno, haumenyeki. Huanikwa, akapikwa kwa nazi au kwa mchuzi, akaliwa na gamba lake lote. Maana yake ni kwamba watu wa mwambao wamekuwa wakila kaitini tangu mababu, bila kujua jina lake na bila kuona kinyaa. Anayekula uduvi hana hoja ya kumcheka anayekula kumbikumbi.

Zaidi ya hayo, bahari ina mwani. Mwani hauna mizizi, shina wala majani ya kweli, na wanasayansi wengi huuweka nje ya kundi la mimea ya nchi kavu. Nyuzinyuzi zake ni za aina ya pekee, zenye kuvuta maji na kuwa kama uji mzito. Kilimo cha mwani kilianza Paje na Jambiani, mashariki ya Unguja, mwaka 1989, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, na tangu hapo kimebebwa zaidi na mikono ya wanawake. Sehemu kubwa ya mavuno husafirishwa ng'ambo yakiwa makavu, huko yakatolewa utomvu wa kugandisha aiskrimu na dawa za meno. Si halali kwa akili zetu kwamba tuuze nyuzinyuzi kwa magunia na kununua biskuti zisizo na nyuzinyuzi kwa pakiti.

Kuhusu mwani lipo jambo moja la ajabu. Mwaka 2010 watafiti wa Ufaransa walitangaza kwamba bakteria katika utumbo wa Wajapani wana uwezo wa kuvunja nyuzinyuzi za mwani ulao Wajapani, na kwamba uwezo huo waliupokea kutoka kwa bakteria wa baharini. Kwa Wamarekani waliolinganishwa nao haukuonekana. Funzo lake ni kubwa. Utumbo wa taifa husomeshwa na chungu cha taifa. Watu wakila kitu kizazi baada ya kizazi, vijidudu vyao huweza kujifunza kukitumia, na wakikiacha, huenda elimu hiyo ikapotea.

Na ikiwa bado yupo asiyeamini kwamba nyuzinyuzi huweza kutoka kwa kiumbe kisicho mmea, basi aangalie maziwa ya mama. Ndani yake mna sukari za mnyororo ambazo ni sehemu ya tatu kwa ukubwa baada ya sukari ya maziwa na mafuta, na mtoto mwenyewe hawezi kuzisaga. Zimewekwa kwa ajili ya bakteria wema wa utumbo wa mtoto, ambao huzila na kumkinga dhidi ya vijidudu vya maradhi. Kazi yake ni ile ile ya nyuzinyuzi. Hivyo kila mmoja wetu, wa Bara na wa Visiwani, alianza maisha kwa chakula cha namna hii.

USHAHIDI NA MIPAKA YAKE

Je, imethibitishwa kwamba kaitini humfaa mwanadamu? Hapa hatuna budi kuwa waangalifu, kwa sababu umma umekwisha kuchoshwa na watu wanaotangaza dawa za miujiza masokoni.

Kwa muda mrefu iliaminiwa kwamba mwanadamu hana kabisa uwezo wa kuivunja kaitini. Mwaka 2007 watafiti wa Italia walipima majimaji ya tumboni ya watu 25, wakakuta kimeng'enya cha kuivunja kwa watu 20, na kwa 5 waliosalia hakikuwapo au kilikuwa kidogo mno. Maana yake ni kwamba sehemu ya kaitini huenda ikasagwa na sehemu ikafika kwa bakteria. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walitangaza jaribio la watu wazima 20 wenye afya, ambao kwa siku 14 walipewa gramu 25 za unga wa nyenje kila siku katika kifungua kinywa. Bakteria mmoja mwema aliongezeka zaidi ya mara tano, dalili moja ya uvimbe katika damu ilipungua, na hakuna madhara yaliyoonekana. Mwaka 2023 watafiti wengine wa Marekani walionyesha kwamba panya waliolishwa kaitini hutanuka tumbo, kinga zao huamka, na tumbo hujitengenezea kimeng'enya zaidi cha kuisaga.

Hizo ni habari njema, lakini ni mwanzo tu. Watu 20 si taifa, siku 14 si maisha, na panya si mtu. Aidha, unga wa nyenje una mambo mengi ndani yake, na haiwezekani kusema kwa hakika kwamba kila faida ililetwa na kaitini peke yake. Kwa hiyo asitokee mtu wa kuwaambia wananchi kwamba kumbikumbi hutibu saratani, au kwamba mchuzi wa uduvi unatosha badala ya dona, mtama, maharage, mlenda na matunda. Nyuzinyuzi za shambani ndizo nguzo ya nyumba. Hizi za kichuguu na za bahari ni boriti za kuongezea nguvu. Aliyezipata azithamini, lakini nyumba haisimami kwa boriti bila nguzo.

Kilicho dhahiri zaidi ni hasara ya kuuacha mlo wa asili wote kwa jumla. Kaskazini ya uwanda wetu, pande za Ziwa Eyasi, wanaishi Wahadzabe, ambao miongoni mwao wapo wanaoendelea kuishi kwa mizizi, ubuyu, matunda ya porini, asali na nyama ya kuwinda. Mwaka 2014 watafiti walilinganisha bakteria za Wahadzabe 27 na za Waitalia 16 wa mji wa Bologna, wakakuta utajiri wa aina nyingi zaidi kwa Wahadzabe. Mwaka 2017 ikaonyeshwa kwamba bakteria hao hubadilika kwa majira. Aina fulani hupungua hata zisionekane katika masika, kisha hurudi kiangazi, na nyingi za hizo ni zile zilizokuwa haba kwa watu wa nchi za viwanda.

Na mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika mkoani Kilimanjaro kwa vijana wa kiume 77. Wa vijijini waliohamishiwa mlo wa kizungu kwa wiki 2 walionekana kuwa na dalili za uvimbe katika damu, na kinga zao kupungua makali. Wa mjini waliorudishwa kwenye mlo wa asili walionyesha mwelekeo wa kinyume, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo wiki 4 baadaye. Ikiwa wiki 2 zinatosha kuandika alama katika damu ya kijana mwenye afya, je, miaka 20 ya sembe nyeupe, chipsi na soda itaandika nini?

SUALA LA HALALI

Lipo suala ambalo wasomaji wetu wa Visiwani watauliza, na wana haki ya kujibiwa kwa adabu. Nzige ameruhusiwa kwa hadithi zilizo sahihi, na Masahaba walimla safarini. Ama wadudu wengine, wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea katika mwambao wetu, kwa wingi wao hawawahalalishi, na wa madhehebu ya Imamu Malik wamekuwa wepesi zaidi kwa masharti yao. Mwandishi huyu, aliyeanzia elimu yake chuoni kwa mwalimu wa Kurani kabla ya kuingia shule ya Serikali, hana nia ya kumlisha mtu asichoruhusiwa na dini yake. Wala hapana haja. Uduvi ni kiumbe wa baharini na mashaka hayamo. Mwani na uyoga safi havina tatizo. Kila mmoja anayo njia yake ya kulifikia jambo hili bila kuvunja mpaka wake. Kinachotakiwa ni kuacha dharau, maana kujizuia na chakula ni ibada, lakini kumtweza anayekila si ibada.

TAHADHARI

Wema wa chakula hauondoi uangalifu. Kwanza, mtu anayewashwa au kuvimba akila kamba au kaa ajihadhari pia na kumbikumbi, senene na nyenje, kwa sababu protini inayomdhuru inafanana kwa wote hao. Hiyo nayo ni dalili nyingine ya undugu wao. Pili, panzi na nzige waondolewe miguu na mabawa, maana imewahi kuandikwa kwamba walioliwa na miguu yao yenye miiba waliziba utumbo. Tatu, uyoga usiojulikana na wazee wa mahali usiguswe kabisa, kwani uyoga wa sumu hauna huruma na kupikwa hakuuondolei sumu. Nne, kumbikumbi wa kichuguu kilichopuliziwa dawa ya kuua mchwa ni sumu, si kitoweo. Tano, kila kinachoanikwa kikauke barabara na kihifadhiwe mahali pakavu. Dodoma na Manyara hazijasahau mwaka 2016, wakati sumukuvu katika mahindi ilipowaua watu. Ukungu wa ghalani hauchagui kati ya hindi na kitoweo.

WAJIBU WETU

Mwaka 1973 una mambo matatu yanayostahili kukumbukwa pamoja. Ndio mwaka Chama cha TANU kilipoamua kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Ndio mwaka ilipoundwa kwa sheria Taasisi ya Chakula na Lishe. Na ndio mwaka wa kampeni ya Mtu ni Afya, iliyowakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, ikafuatiwa mwaka 1975 na kampeni ya Chakula ni Uhai. Wakati ule ilieleweka kwamba lishe si siri ya daktari na mgonjwa wake. Ilikuwa ni kazi ya siasa, ikazungumzwa chini ya mti na mwenye kisomo na asiye na kisomo.

Uamuzi wa kwanza kati ya hayo matatu umetimia. Tangu mwaka 2016 Serikali ilihamia Dodoma kwa vitendo, mwaka 2018 jambo hilo likawekewa sheria, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu katika mkoa huu watu 3,085,625. Mji unapanuka, nayo ni fahari yetu. Lakini upanuzi una gharama. Vichuguu husawazishwa kwa ajili ya viwanja, udongo wake hufyatuliwa matofali, na vinavyosalia karibu na nyumba hupuliziwa dawa. Wakati huo huo kijana aliyezaliwa kijijini anafika mjini akiwa amefundishwa kwamba dona ni chakula cha maskini na kumbikumbi ni aibu. Hiyo ni kasumba, na kasumba haikufa kwa kushushwa bendera ya mkoloni. Wazee walitwambia tusiache mbachao kwa msala upitao. Msala huu unaopita umeletwa kwa matangazo ya biashara, na bili yake italipwa katika hospitali za umma.

Kwa hiyo yapo mambo ambayo viongozi wa Chama na Serikali, wa Bara na wa Visiwani, wanaweza kuyatenda bila kungoja fedha za wafadhili. Maofisa wa lishe wa halmashauri waviingize vyakula hivi katika mafunzo yao, wakianza na dona, mtama, uwele na kunde, kisha uyoga, uduvi, mwani na kumbikumbi kwa kadiri ya mila ya kila mahali. Wapimaji wa viwanja waache baadhi ya vichuguu katika maeneo ya wazi, na serikali za vijiji zikataze kupuliza sumu katika vichuguu vinavyovunwa. Wakaguzi wa masoko wawasaidie akina mama wanaouza kumbikumbi na uduvi wapate vichanja na vyombo safi, badala ya kuwafukuza barabarani. Waajiri waheshimu likizo ya uzazi na nafasi ya mama kunyonyesha, maana kumkatiza mtoto maziwa ya mama ni kumnyima makapi-mlo ya kwanza ya maisha yake. Na vyuo vyetu vikuu, ambavyo vina kichuguu nje ya dirisha, vipime wenyewe kumbikumbi wetu na utumbo wa watu wetu, ili kesho tusinukuu Wisconsin na Bologna peke yake tunapozungumza habari za Bahi, Kongwa na Mpwapwa.

Mtumishi wa umma naye ana sehemu yake, nayo ni ndogo na nyepesi. Katika vikao na semina zetu, meza zimejaa vitumbua vya unga mweupe, soseji na soda. Aagize ugali wa dona au wa uwele, mlenda, maharage na kitoweo cha mahali. Mwananchi akiona kiongozi anakula kwa heshima kile alichoambiwa ni cha kuaibikia, atajifunza zaidi kuliko kwa hotuba kumi. Vita dhidi ya maradhi ya utumbo vitaanza kushindwa au kushinda mezani, kabla mgonjwa hajafika kwa daktari. Kwa hiyo sahani zetu wenyewe ndizo za kutazamwa kwanza.